Pauni Sita Iko kwa Alawiya

Hull, Uingereza
4 Februari 2024

Kwa Dada Alawiya binti Jeilani, Amu, kisiwani Lamu.

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba karatasi hii ikukute u mzima, wewe na mwanao Shifaa na wote waingiao nyumba ile. Mimi huku ni mzima wa kuazima. Mafigo yamechoka, nalazwa kwenye mashine ya kusafisha damu siku moja nikipumzika ya pili, na nikirudi nyumbani nalala kama gunia. Teksi niliiacha. Alhamdulillahi kwa kila hali.

Najua utashangaa. Tangu mwaka ule wa mvua za El Nino, tulipomzika Baba, sijakuandikia hata mstari mmoja. Sitaki kuyafukua. Nilipata anwani ya hoteli ya Shela anakofanya kazi Shifaa, nikaona afadhali barua, ikikataliwa inatupwa tu na hakuna aliyeona uso wa mwenziwe.

Nina haja ndogo. Jirani yangu hapa ni mzee wa Kizungu, jina lake Derek, amefiwa na mke kama mimi. Yeye hukusanya maganda ya risasi za mizinga ya zamani, ile ya Waingereza ya kupigia vifaru. Nilianza kwa kumbebea mikoba tukienda magulioni, mwisho na mimi nikaambukizwa. Sasa nina rafu nzima chumbani. Wengine hufuga njiwa, mimi napangusa shaba. Ganda ukilipindua, kitakoni pake pamepigwa mihuri: aina ya mzinga, mwaka, kiwanda. Basi tunakaa wazee wawili na kioo cha kukuzia, tunasoma vitako vya shaba tukibishana herufi hii ni B au ni nane. Siku inapita, na maumivu yanapita nayo.

Juzi nikakumbuka lile ganda alilorudi nalo Baba kutoka Burma, lililokuwa likizuia mlango wa mbele usipigwe na upepo. Kwamba alikuwa katika kikosi cha mizinga ya kupigia vifaru tulijua, ingawa hakupenda kusimulia. Nataka kujua alikuwa akipiga mzinga gani. Kama bado lipo, lipindue, weka karatasi juu ya kitako, sugua kwa makaa, unitumie. Sina jingine.

Nduguyo,
Nabhan


Amu
18 Machi 2024

Kwa Nabhan bin Jeilani.

Waalaykumu salaam. Tuko ndani ya Ramadhani, nakuandikia baada ya alasiri, mato hayaoni sawasawa na magoti yananena kila nipandapo ngazi. Presha ninayo, sukari bado. Shifaa hajambo, asubuhi huenda Shela na jioni hurudi amechoka, tukafuturu tukitazamana. Pole kwa mafigo. Mungu akupe afueni, na hili nalisema kwa moyo.

Barua yako niliiweka chini ya mto kabla ya kuifungua. Nilidhani mtu anataka radhi, au mtu amekufa. Kumbe anataka kitako cha shaba. Haya, kila mtu na haja yake.

Makaa nimesugua, karatasi ni hii. Mimi naona sita, kisha P na R, kisha alama kama unyayo wa kuku, na mwaka 1943. Yaliyobaki yamelika, maana kila Idi mimi hulisugua kwa ndimu na majivu. Kwa urefu ni dhiraa moja kasoro ukucha. Mlango halizuii tena, limesimama pale pale dakani, kwenye baraza ya mlango, na ndani yake mna bakora ya Baba.

Kile kichwa chake cha chuma chenye ncha, kilichokuwa kimechomekwa juu, hukukiuliza, lakini nakwambia. Ndicho mchi wangu. Tangu Baba yuko kitandani natwangia tangawizi na iliki ya kahawa. Ni kizito, hakipukutiki kama mti. Kila aliyekuya nyumba hii amekunywa kahawa yake, hata wewe, ile asubuhi ya matanga, kabla hujasema uliyosema.

Na usiniite dada. Asubuhi ile mbele ya watu ulisema mimi nimekula pauni sita za dhahabu alizokuachia Baba. Ukasema mama zetu mbalimbali, kwa hiyo mimi si dadako, ni binti wa babako tu. Ukatoka ukenda zako Ulaya. Mimi nikabaki na majirani. Jina ulilonipa ndilo nililonalo.

Binti wa babako,
Alawiya


Hull
3 Aprili 2024

Alawiya,

Salaam nyingi. Leo sikuulizi hali kwa urefu. Tafadhali usitwange tena. Kuanzia saa hii uipatayo barua, usitwange.

Vichwa vya mzinga ule vilikuwa namna mbili. Kimoja ni chuma kitupu, kazi yake kutoboa kifaru kwa nguvu ya kwenda tu, nacho kilipakwa rangi nyeusi. Cha pili kina baruti tumboni, nacho kilikuwa cha manjano chenye mviringo mwekundu karibu na ncha. Sasa rangi ya chako imekwisha yote kwa tangawizi. Nimemsimulia Derek, akaweka kikombe chini, akaniambia kwa maneno tu hathubutu kuapa ni kipi kati ya viwili, na mtu mwenye akili hakigusi. Kiache hapo kilipo, mtu asikisogelee, ukawaite polisi. Wana watu wa kazi hiyo.

Nikikumbuka ulivyokuwa ukitwanga, Alawiya, na sisi tumekaa jamvini tunakungoja.

Karatasi yako imenipa furaha ambayo sijaipata siku nyingi. Sita na PR ni siksi-paunda, ndivyo Waingereza walivyouita mzinga ule. Mimi siku zote nilidhani Baba alikuwa mtu wa tu-paunda, kile kizinga kidogo ambacho vifaru vya Mjerumani vilikuwa vikikicheka. Kumbe siksi-paunda! Mwaka 1943 siksi-paunda ilikuwa mpya mpya. Unyayo wa kuku ni mshale wa serikali yao, kila mali ya jeshi ilipigwa. Nimeinunulia rafu yangu ganda moja tupu la siksi-paunda la mwaka ule ule, nimeliweka karibu na kitanda, nikitoka kwenye mashine nalitazama.

Mambo ya matanga tuyaache. Tumezeeka wote.

Nduguyo,
Nabhan


Amu
27 Aprili 2024

Nabhan,

Salaam. Sisi tu wazima, Idi imepita kwa salama, ila kahawa ya mwaka huu imetwangwa kwa mchi wa kuazima kwa Bi Nana, jirani yetu wa tangu zamani, na haikuwa na ladha.

Unasema tuyaache. Aliyetupa jiwe ndiye asemaye tuyaache. Aliyepigwa angali ameshika kichwa.

Polisi nimekwenda mwenyewe. Shifaa alinizuia, akasema katika nti hii kwa sasa, mtu akitamka kwamba ana risasi nyumbani, hulala ndani. Nikamwambia mimi nimekwisha kuitwa mwizi, nikiongezewa na ugaidi si kitu. Nikamkuta askari wa kike, mtu wa bara, Chelangat jina lake, uso umechoka kama wangu. Nikamwambia mwanangu, jikoni kwangu mna mzinga wa marehemu babangu. Akanitazama buibui, akanitazama miwani, akainama sikioni pangu. "Mama," akasema, "hata wewe?" Kumbe kwao mzinga ni chupa kubwa ya pombe. Nikamwambia huu si wa kunywa, ni wa vita. Hapo akasimama.

Wakaya askari wa mabomu, wakatutoa mtaa mzima. Watu wakapangana ndiani na watoto viunoni, na jua lile. Nikamsikia mtu nyuma yangu akiuliza, Alawiya ameficha nini safari hii. Safari hii, Nabhan. Nimesikia kwa masikio yangu, na aliyesema alikuwa hajazaliwa Baba alipokufa. Ameyarithi.

Kile kichwa wakakipakia ndani ya karai la mchanga, wakavuka nacho kisiwa cha Manda, mbali na uwanja wa ndege. Tukasikia mlio mmoja. Chelangat akarudi kuniambia mlio ule ulikuwa wa baruti yao wenyewe, kichwa kilikuwa chuma kitupu, hakikuwa na kitu ndani. Hawakunirudishia, kimekwenda kambini. Ganda wamelikagua, wameniachia, na karatasi yenye muhuri juu.

Sasa nina swali, nawe ndiye mjuzi. Umeniandikia siksi-paunda, siksi-paunda, mpaka barua ikajaa. Siksi nafahamu. Paunda ni nini? Niandikie kwa Kiswahili.

Binti wa babako,
Alawiya


Amu
12 Agosti 2024

Nabhan,

Salaam. Hukujibu.

Nilihofu umekufa. Nikasoma Yasini, kisha Shifaa akakutafuta kwenye simu yake akaona umeweka picha ya ganda jipya. Basi u hai, na mtu anayeweza kupangusa shaba anaweza kushika kalamu.

Swali langu nimemuuliza Shifaa. Alikuwa akila, hakuinua hata kichwa. Akasema paunda ni kitu cha pauni, pauni ya uzito, mama, siksi-paunda ni pauni sita. Nikaketi pale pale kwenye ngazi.

Kumbuka chumba kile. Tulikuwa watatu: wewe, mimi, na Bi Nana akimtia Baba maji kwa kijiko. Baba akafumbua mato, akasema: "Pauni sita iko kwa Alawiya. Mpeni Nabhan." Hakusema tena. Wewe ukasikia dhahabu, kwa kuwa mamako alivaa kidani cha pauni za dhahabu siku ya harusi yake. Nikakwambia kidani kile Baba alikiuza mamako alipougua, ukasema nazua. Nikakwambia, Baba amesema iko, hakusema ziko. Ukanijibu, ulimi wa mtu anayekata roho huteleza.

Ulimi wa Baba! Mtu aliyekuwa akitusahihisha maneno hata tukinong'ona. Tukisema vitu hii, alikuwa akitunyima chai mpaka tuseme vitu hivi. Pauni za dhahabu zingekuwa ziko. Pauni Sita ikiwa jina la kitu kimoja, ndipo husemwa iko. Ganda moja la mzinga, lililosimama mlangoni kwangu mchana na usiku, na mimi ndiye niliyekuwa nikilisugua.

Nawe umelijua hili tangu swali langu la Aprili. Ndiyo sababu ulinyamaza. Nakuandikia haya sina hasira, hasira inataka nguvu. Shifaa alipoposwa mara ya kwanza, wale watu waliulizia, wakaambiwa mamake alikula amana ya nduguye, wakarudi nyuma. Hilo sikukuandikia kwa kuwa hukuwa mtu wa kuandikiwa.

Maneno yale uliyasema hadharani, uyatoe hadharani. Wengi walioyasikia wako makaburini, hao sina la kuwafanya. Waliobaki nitawaita. Wewe andika.

Binti wa babako,
Alawiya


Hull
3 Septemba 2024

Kwa Alawiya, ambaye sina ruhusa ya kumwita anavyostahili.

Salaam, na afya, na kila la heri kwako na kwa Shifaa. Mimi hali yangu ni ile ile, ila siku hizi hata mkono wa kuchomwa sindano za mashine umekataa, wanatafuta mwingine.

Nilijua. Barua yako ya Aprili niliipata asubuhi, nikaketi kukujibu kwa furaha, kama mwalimu aliyeulizwa swali analolijua. Nikaandika: Paunda maana yake ni. Kalamu ikasimama hapo. Karatasi ile bado ninayo, ina maneno manne. Kila nilipotaka kuiendeleza nilijiambia kesho, na kesho ni siku ya mashine, na siku ya mashine mtu hana akili. Ukweli niliona haya. Ile picha niliyoweka simuni niliiweka ili Derek asiniulize kwa nini nimenuna.

Miaka hii yote nimekuwa nikipindua shaba na kugombana na mzee wa watu kwa ajili ya herufi. Herufi ikipotea, ganda hubadilika kiwanda, hubadilika mwaka, huwa kitu kingine kabisa. Hilo ndilo nililojifunza Ulaya. Na herufi ya Baba, ile z ambayo hakuitamka, niliiongeza mwenyewe, nikakuita mwizi kwa herufi niliyoitia kinywani mwa maiti.

Tena ngoja nikwambie. Asubuhi ile ya matanga nilipotoka kwa hasira nilijikwaa kwenye lile ganda pale mlangoni. Ukucha ulitoka. Nililipiga teke, nikalilaani, nikaenda zangu nikichechemea mpaka gatini. Amana yangu ilinishika mguu, Alawiya, nami nikaipiga teke.

Habari ya posa ya Shifaa imenifikia. Nimeisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Naona aibu mbele ya mtoto.

Kuya siwezi. Daktari amekataa ndege mpaka mambo ya mkono yatulie, na kutulia kwenyewe sikuoni. Karatasi ya pili humu ndani ni ya kusomwa. Mwenye sauti aisome, mlango ukiwa wazi:

"Mimi Nabhan bin Jeilani nilisema kwenye matanga ya babangu kwamba Alawiya amekula pauni sita zangu. Hapakuwa na dhahabu. Pauni sita ni jina la mzinga, na ganda lake lilikuwa mlangoni mbele ya macho ya kila mtu. Alawiya hakula kitu. Aliyesikia kutoka kwangu, na aliyesikia kutoka kwa aliyesikia, ajue nilimsingizia. Yeye ni dada yangu, na nilipokana udugu wake nilisema uongo wa pili."

Nabhan


Amu
19 Oktoba 2024

Nabhan,

Waalaykumu salaam warahmatullah. Sisi tu wazima, magoti ni yale yale. Mkono wako tunauombea kila sala, na Shifaa anauliza kama umepata mwingine.

Barua yako imefika. Nimemfanyia Baba hitima, nikawaita wote walio hai. Wanaume dakani, wanawake ndani, mlango nimeuacha wazi kama ulivyosema. Karatasi nilitaka asome mwalimu wa madrasa, lakini Shifaa akainyakua, akasema hii ni yangu. Akasoma kwa sauti ambayo sikujua anayo. Alipofika kwenye uongo wa pili nilitazama chini.

Kisha Bi Nana, ambaye siku hizi hasikii ila ukimpigia kelele kwenye sikio la kushoto, akataka asomewe tena. Akasomewa. Akasema, "Nilisikia iko. Nikadhani mzee amechoka." Nikamuuliza mbona hukusema, mama, miaka yote hii tunakaa ukuta kwa ukuta. Akaniambia, nani abishane na mtu anayekufa kwa herufi moja? Sikuweza kumkasirikia. Nikamwongeza kahawa.

Ganda likazungushwa, mkono kwa mkono, kila mmoja akalipindua akatazama unyayo wa kuku. Yule mwanamke wa "ameficha nini safari hii" alikuwamo, alilishika kuliko wote, kisha akaniomba nimfundishe nalisugua kwa kitu gani hata likang'aa hivi. Ndiyo radhi yake hiyo, nimeipokea. Hakuna aliyelia. Wakala kaimati, wakabeba watoto wao, wakenda zao.

Nilidhani nitaona nuru. Nimeona usingizi. Nililala mpaka Shifaa akaniamsha kwa adhuhuri akidhani nimekufa. Nilikuwa nimechoka kwa muda mrefu, wala sikujua ni kwa kitu gani, maana mtu huzoea.

Kukusamehe nimekusamehe, na nimelisema mbele ya watu wale wale, ili na wewe uwe na mashahidi. Usiniulize kama moyo umefuata. Unakuya nyuma, nao una magoti yake.

Sasa la amana. Bakora ya Baba nimeitoa, nimeitundika ukutani. Ganda nimelisugua kwa ndimu na majivu ndani na nje, nimelifunga kwa leso mpya. Shifaa ameuliza posta, ameuliza na watu wa ndege, hakuna anayelitaka, ukisema mzinga wanakimbia. Kwa hiyo mwambie daktari wako kwamba nyumbani kuna kitu chako, nacho hakisafiri. Akikuruhusu, uye ulitwae kwa mkono wako. Asipokuruhusu, litakaa. Mimi ni mtunzaji, na sasa watu wanajua.

Mchi nimenunua mwingine, wa mti. Unapukutika.

Pauni sita yako iko.

Dadako,
Alawiya